Ukurasa wa P

Cherotich wangu,

Umeondoka sasa hivi kwenda Roret kumuaga kogo, na najua nyanya yako huyo hatakuachilia mpaka umalize kibuyu kizima cha maziwa ya mursik, kwa hivyo alasiri yote ni yangu. Mvua imeanza kunyesha upande wa kiwanda cha chai. Baba yako yuko shambani na wachumaji, na nimemwambia akirudi asiniulize ninaandika nini.

Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya shangazi yako atakayekungoja Nairobi, tumeyasema wiki nzima mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Siyarudii. Barua hii ni ya jambo moja ambalo sijawahi kukuambia. Nitaiweka katikati ya sweta zako uisome ukishafika, maana nikikuambia uso kwa uso nitaanza kujitetea, na unajua mimi kwa kujitetea sishindwi. Ni habari ya kazi unayoenda kufanya, na ni habari ya mtu niliyemharibia maisha.

Mwezi uliopita ulinipeleka Kericho mjini, kwenye lile duka la intaneti, ili nami nione hiyo kazi. Uliniketisha kwenye kiti cha plastiki, ukaandika jina lako na neno lako la siri, tukangoja huku mashine ikipiga kelele kwenye waya wa simu. Halafu kioo kikaleta maneno mawili ya Kizungu, Access denied, yaani umekataliwa kuingia, na nambari chini yake. Ukajaribu tena, yakaja yaleyale. Nikamuuliza yule kijana wa duka, "Imekataa kwa nini?"

"Imekataa tu, mathe," akasema. "Hii kitu ikikataa, imekataa."

Mkacheka wawili. Ukanieleza kwamba huko Nairobi ndiyo kazi watakayokupa kwanza, kuandika maneno ambayo kompyuta inamwambia mtu ikimzuia kuingia au mambo yakiharibika. Ulikuwa na furaha sana. Mimi nilichukua kikapu changu nikasimama, nikasema twende nyumbani. Njiani uliniuliza nina nini nikasema ni kichwa. Haikuwa kichwa, mama. Nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye kile kioo.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa karani katika hospitali ya misheni upande wa Bomet. Umeiona ile picha, blauzi nyeupe, nywele nimezichana juu, nimejifanya sioni kamera. Usilolijua ni kwa nini niliacha. Nyinyi watoto tuliwaambia niliacha ili niwalee. Baba yako mwenyewe anaamini hivyo mpaka leo.

Nilikaa dirishani. Lilikuwa dirisha dogo la mbao, unalifungua kwa kulisukuma juu, na watu walipanga foleni nje kuanzia alfajiri. Nilikuwa na kitabu kikubwa chenye majina, kila herufi na kurasa zake. Mtu akitaja jina nalitafuta. Likiwako, nampa kadi. Lisipokuwako, nasema, "Jina hakuna. Next." Maneno hayo niliyasema vizuri, Cherotich. Niliyasema haraka na kwa sauti safi, wala sikuinua macho. Watu wazima waliokuwa sawa na baba yangu waliniita madam, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nililipenda lile dirisha kuliko inavyofaa mtu kupenda mbao.

Hakuna aliyenifundisha kuwa mkali. Nilidhani ukali ndio kazi yenyewe.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Wanjiru, ambaye wazazi wake walikuwa na duka la nguo Kericho. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika majina, mgonjwa akija mara ya kwanza. Alikuwa makini sana, anaandika kile alichosikia. Na sisi Wakipsigis unatujua. Mtu anaitwa Bett atakuambia ni Pett, dawa ya kichwa ataiita tawa ya kichwa, na sisi kwa sisi hatusikii kasoro yoyote. Wanjiru alisikia. Alisikia P, akaandika P.

Mara moja kwa mwaka alikuja daktari wa macho, akakaa juma moja tu. Wa kupasuliwa walikuwa wamechaguliwa mapema na kuandikwa. Siku ya Jumanne ya juma hilo akaja dirishani mwanamume mmoja kutoka Soin. Alikuwa ametembea na kulala njiani, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Nyuma yake alikuwa mke wake, kijana kama mimi, amemshika mume wake pindo la koti. Nilidhani ni aibu ya watu wa mashambani. Alikuwa amelishika kwa sababu alikuwa haoni vizuri.

"Mimi ni Piegon," akasema. "Nimeleta mama ya watoto. Rael. Taktari wa macho alisema tukuje hii wiki."

Mimi nilisikia Biegon, kama ambavyo wewe ungesikia. Nikafungua B. Nikapitisha kidole kutoka juu mpaka chini.

"Jina hakuna."

"Hakuna namna gani, madam? Walituandika. Nilikuwa nimesimama hapa hapa nikiona kalamu ikienda."

"Mzee, jina hakuna."

"Sasa tufanye nini?"

Hilo swali, Cherotich. Halikuwa swali la ubishi. Aliniuliza kama mtu anayeuliza njia. Na mimi nikamwambia, "Kama hakuna, hakuna. Next."

Akavua kofia. Akasema, "Asante, madam." Akamgeuza mke wake polepole, akimshika bega, wakaondoka.

Nikikosa usingizi, si kwamba namwona Rael. Nasikia ile asante. Naisikia nikifunga dirisha la jikoni, naisikia kanisani watu wakinyamaza kabla ya maombi. Mtu anapomshukuru aliyemfukuza, hiyo shukrani haina mahali pa kwenda, inabaki na wewe.

Fikiria ingenigharimu nini kusema, "Mzee, nimeangalia kwenye B na sijakuona." Maneno machache tu. Pengine angesema yule dada mwingine aliandika tofauti. Pengine Wanjiru, aliyekuwa ameketi hatua tatu nyuma yangu, angesikia akasema, jaribu P. Mimi nilimwambia jina hakuna, kana kwamba nilikuwa nimesoma kitabu chote. Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja.

Ningekuwa nimekosea hapo tu, ningekuwa nimekuambia zamani. Binadamu hukosea. Lakini Alhamisi ya juma lilelile Wanjiru alikuja na kitabu kifuani. "Huyu Piegon Rael wa Soin hajafika?" akaniuliza. "Daktari anamuulizia. Anasema hiyo presha ya macho yake haiwezi kungoja mwaka mwingine."

Nikaangalia. Ukurasa wa P, mstari wa nne, mwandiko mzuri wa Wanjiru. Nilijua papo hapo kwamba ndiye mke wa yule mtu wa Jumanne. Daktari alikuwa anaondoka Jumamosi. Hospitali ilikuwa na Landrova. Kulikuwa na wachungaji wa kanisa wa kupeleka ujumbe. Siku mbili zilikuwa zinatosha kabisa.

Nikasema, "Sijamwona."

Wakati huo nafasi ya karani mkuu ilikuwa kati yangu na Wanjiru, na kila mtu alijua itatangazwa mwisho wa mwezi. Nilikuwa na mimba yako ya miezi saba. Nakuambia ili ujue siku zilivyokuwa, sikubebeshi mzigo. Wewe hukunifunga mdomo. Nilichukua kalamu mkononi mwa Wanjiru, na mbele ya jina la Rael nikaandika neno moja, Hakufika.

Cheo nilikipata. Nilikaa nacho miezi michache baada ya kukuzaa. Kila nilipofungua ule ukurasa wa P niliona lile neno langu, na siku moja nikashindwa kuufungua kabisa, mgonjwa amesimama pale anangoja. Nikamwambia baba yako mtoto anahitaji mama nyumbani. Alifurahi, maskini, akanunua ng'ombe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukilalamika kwamba ukiniomba kitu nikikataa, nakueleza mpaka unachoka? Uliwaambia wenzako wasiniombe kitu, nitawaeleza sababu. Nilikuwa nacheka pamoja nanyi. Sasa unajua ile hotuba ilitoka wapi.

Kuna siku nyingine ambayo wewe ulikuwako. Ulikuwa darasa la nne, tulienda soko la Kiptere kukutafutia viatu. Nikasimama kwa mama mmoja aliyeketi chini na ndizi zake, anazipapasa kwa vidole akizipanga. Nikauliza bei. Akainua uso, macho yake yametulia mahali ambapo sikuwa.

"Hiyo sauti naijua," akasema. "Wewe si madam ya dirisha? Ile ya hospitali?"

Nikajua ni Rael, na ningekimbia, lakini nilikuwa nimekushika mkono. Nikasema ndiyo, niliwahi kufanya kazi huko.

"Mungu ni mwema. Nimekuwa nikitaka kukuuliza kitu miaka yote." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hicho ndicho kilichonimaliza. Akashusha sauti. "Nani aliwaambia?"

"Alituambia nini, mama?"

"Habari ya mtoto wangu wa kwanza. Lina. Yule nilizaa nyumbani kabla sijaolewa. Nilijua watu wa misheni wamesikia, ndio wakanifuta kwa kitabu. Sikulaumu mtu. Nilimrudisha kwa mama yangu huyo mtoto, nikasema nisimwone tena, amenikosesha macho." Akacheka kidogo. "Na sasa hata nikitaka kumwona, siwezi."

Unaona, mwanangu? Sikumpa sababu, akaenda kujitafutia moja. Alitembea kutoka Bomet mpaka Soin akijipekua moyoni ni dhambi gani aliyoifanya, na mtu akijipekua hakosi kitu. Sijui kama kuna mtu anayefungiwa mlango bila neno na akafikiri kwamba aliyemfungia ndiye aliyekosea. Hujilaumu mwenyewe kwanza.

Na mimi, nikiwa nimepewa nafasi ya pili, tena sokoni, mchana, mtu mwenyewe ananiuliza kwa upole, nilisema, "Sikumbuki, mama." Nikalipa ndizi. Wewe ukaniuliza, "Mama, yule mama anakujua?" Nikakujibu kwamba amenifananisha na mtu. Huo uongo nilikuambia wewe. Nisamehe.

Juzi ulinionyesha karatasi yenye maneno uliyotafsiri kwa ajili ya kazi. Uliandika, Huruhusiwi kuingia. Ukaniuliza kama ni Kiswahili kizuri. Ni kizuri. Nikakuuliza, ni nini kimempata huyu mtu? Ukasema, inaweza kuwa amekosea neno la siri, au muda wake umeisha, au ukurasa umehamishwa, au hapo ni pa wafanyakazi tu. Nikaanza kukunja vidole kimoja kimoja, ukadhani vinaniuma. Nilikuwa nahesabu. Watu wanne tofauti, na wote umewapa jina hakuna.

Najua utaniambia bosi wako anasema mwizi akielezwa sana atapata njia ya kuingia. Ni kweli, nami sikuwa nikimsomea kila mpita njia magonjwa ya watu. Lakini hata asiyestahili kuambiwa kwa nini anaweza kuambiwa aende wapi au amuulize nani. Biegon aliuliza hivyo tu. Na wewe utakuwa na dirisha kubwa kuliko langu. Watakuja watu ambao hutaona vumbi miguuni mwao wala mkono ulioshika koti, na watasoma ulichoandika wakati wewe umelala au uko kanisani. Sikufundishi kazi yako, sijui hata kuwasha hiyo mashine. Nakuambia tu nilichoona kikitokea upande wa pili wa neno fupi.

Sasa mwisho wake. Alhamisi iliyopita nilisema naenda mkutano wa wakulima wa chai. Sikwenda. Nilienda Soin. Niliuliza kwa Biegon nikaonyeshwa. Joto la kule lilikuwa linanichoma, au ni woga, sijui. Rael alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba anachambua maharagwe, mikono yake inajua jiwe na inajua haragwe. Amezeeka kunizidi na tuko rika moja.

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia yote, kuhusu B na P, kuhusu ile Alhamisi ya Wanjiru, kuhusu cheo, na lile neno nililoandika. Hakunikatiza.

"Kwa hivyo jina langu lilikuwako," akasema.

"Lilikuwako."

"Siku hiyo yote tulikuwa tumesimama hapo, lilikuwako."

"Siku hiyo yote. Mstari wa nne."

Akaita kwa nguvu, "Baba Lina! Kuja usikie!" Nilishtuka kusikia jina hilo, maana Lina si mtoto wa Biegon, na kwa miaka yote hiyo nilidhani halitajwi katika nyumba ile. Biegon akaja na jembe mkononi, mzee sasa. "Mwambie," Rael akaniambia. "Mwambie vile umeniambia." Nikarudia. Biegon aliweka jembe chini, akakaa kwenye nyasi.

"Nilikuona ukiangalia kitabu," akasema. "Nilisema moyoni, huyu amesoma, hawezi kosa."

Nililia. Rael hakulia. Alikuwa amesimamisha mikono juu ya maharagwe. "Lina yuko na miaka zaidi ya thelathini," akasema. "Anachuna majani chai kwa kampuni huko Kericho. Nilimwambia na mdomo yangu, akiwa mdogo, ya kwamba yeye ndiye alinitoa macho. Hajakanyaga hapa. Ako na watoto na sijui majina yao." Akanigeuzia uso. "Sasa huyo mtoto nitamwambia nini?"

Nilikuwa nimekwenda pale nikifikiri nitatua mzigo. Nilimpa mwingine aubebe, mzito kuliko ule wa kwanza, kwa sababu ule wa kwanza alidhani ametupiwa na Mungu.

Ni Biegon aliyejibu. "Wewe ndiye utaenda kumwambia, madam. Sisi tulishamwambia ile ingine."

Kwa hivyo kesho gari lako likishaondoka stendi sitarudi nyumbani. Nitaenda kumtafuta Lina kwenye zile nyumba za wachumaji wa kampuni. Anaweza kunifukuza. Anaweza kunitemea mate, na sitajipangusa. Baba yako nitamwambia leo kabla hajalala, nimechoka kumficha.

Tangu Alhamisi napanga maneno ya kumwambia. Nilianza na, kulitokea makosa hospitalini. Nikayakataa, maana ukiyasikiliza utafikiri makosa yalitoka msituni yenyewe yakaingia hospitalini, na hakukuwa na mtu. Nikajaribu, jina la mama yako lilipotea. Huo ni uongo, halikupotea hata dakika moja. Sasa nimepata, na nakuandikia wewe kwanza ili nisije nikayapunguza njiani.

Lina, mama yako hakukataliwa kwa ajili yako. Alifika, na jina lake lilikuwako. Kuna mtu alilitafuta kwenye ukurasa usio wake, na alipojua, alinyamaza kwa sababu alitaka cheo. Mtu huyo ni mimi.

Mama yako